Kumpa Binti Jina Linalokaa Vyema na Majina ya Ndugu Zake

Majina ya watoto wa nyumba moja huitwa kwa mfululizo kwa miaka mingi: asubuhi wanapoamshwa, jioni wanapokusanywa kula, katika salamu za shangazi kwenye simu, katika fomu za shule, na baadaye sana katika orodha ya warithi. Binti anayezaliwa wa tatu au wa nne hupewa jina linaloingia kwenye safu ambayo tayari ina mwendo wake. Likikaa vibaya, yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini lake ni la namna nyingine, au ndiye atakayeitika kila mara ilhali ameitwa dada yake.

Kuendana kwa majina kuna pande tatu: asili, uzito na sauti. Asili ni mahali jina lilikotoka, yaani dini, ukoo, lugha au tukio la siku ya kuzaliwa. Uzito ni heshima na matumaini ambayo wazazi wameyatia ndani yake. Sauti ni jinsi linavyotamkwa, linavyosikika kwa mbali na linavyoonekana likiandikwa. Asili na uzito vinafaa kufanana. Sauti inafaa itofautiane. Wazazi wengi hufanya kinyume. Wenye Halima na Salima hutafuta Karima ili majina yawe na mlio mmoja. Wengine, ambao watoto wao wakubwa walipewa majina ya mabibi, humpa mdogo jina la mwigizaji wa tamthilia inayoonyeshwa mwaka huo, wala hawaoni kwamba hapo ndipo palipopasuka.

Kazi huanza kwa kuyasoma majina yaliyopo. Kila jina la mkubwa lina sababu yake: lilitoka kwa bibi, lilitokana na siku, lilikuwa dua baada ya ugonjwa, au lilipendeza tu. Wazazi wakiulizwa husema mara nyingi kwamba hawakufuata utaratibu wowote, lakini majina yakiandikwa pamoja na sababu zake, utaratibu hujitokeza. Nyumba yenye Juma na Mwanaidi imewapa watoto majina kwa siku walizozaliwa. Binti anayefuata akizaliwa Alhamisi, Mwanahamisi linamsubiri, na akizaliwa usiku Chausiku halitakuwa geni. Nyumba yenye Baraka na Shukuru imesema na Mungu kwa Kiswahili. Hapo Neema atakaa vizuri kuliko Jacqueline. Njia iliyotumika kutoa jina ina nguvu kuliko umbo la jina lenyewe, kwa sababu watoto wanapofika umri wa kuuliza, njia ndiyo wanayoiulizia: mimi nimepewa la nani? Aliyepata jina la bibi ana habari ya kusimuliwa, na anayemfuata naye anastahili yake.

Ziko jamii ambazo sehemu kubwa ya uamuzi imekwisha kufanywa na desturi. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama, na wanaofuata hupokea majina ya dada za baba na dada za mama. Familia ya Jomo Kenyatta inaonyesha jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi. Baba yake aliitwa Muigai na mama yake Wambui. Kwa mke wake wa kwanza, Grace Wahu, alipata Peter Muigai na Margaret Wambui, ambaye baadaye alikuwa meya wa Nairobi. Miongo kadhaa baadaye, mke wake mwingine, Mama Ngina, alimzalia Christine Wambui, kisha mwaka 1961 Uhuru Muigai. Kila nyumba ilianza hesabu upya, na kila nyumba ilirudi kwa babu na bibi wale wale. Ndugu wa baba mmoja wakawa wanashiriki jina la ukoo bila kuchanganyikana, kwa kuwa jina la kwanza lilitenganisha: Margaret si Christine, na Peter si Uhuru.

Mzazi aliye katika desturi ya namna hiyo anajua basi uhuru wake uko wapi. Jina la bibi limekwisha kuwekwa. Linalobaki ni la ubatizo au la Kiswahili litakalotangulia, na hilo ndilo la kuangaliwa lisigongane na ya wakubwa. Wanjiru na Nyambura hawatachanganywa na mtu yeyote. Lakini wakiwa Maria Wanjiru na Miriam Nyambura, walimu watawachanganya, maana shuleni huitwa kwa jina la kwanza.

Miongoni mwa Wakalenjin mpango uko ndani ya jina lenyewe. Mvulana huchukua Kip- na msichana Chep- au Jep-, na kinachofuata hueleza saa au hali ya kuzaliwa: Kibet na Chebet walizaliwa mchana, Kiprop na Cherop mvua ikinyesha, Kipkoech na Chepkoech alfajiri. Wabukusu wana Wekesa na Nekesa wa msimu wa mavuno, Wafula na Nafula wa mvua, Wanjala na Nanjala wa wakati wa njaa. Wajaluo wana Otieno na Atieno wa usiku, Ochieng' na Achieng' wa jua kali, Odhiambo na Adhiambo wa jioni. Majina haya yanaendana bila mzazi kuhangaika. Tatizo ni kuendana kupita kiasi, kwa sababu kaka na dada waliozaliwa wote usiku watakuwa Otieno na Atieno, na kwa mbali sauti ya kuwatofautisha ni irabu moja tu. Suluhisho lililozoeleka ni kumwachia kila mmoja jina lake la saa na kumwita kila siku kwa jina jingine. Hilo ni bora kuliko kusema uongo kuhusu saa ya kuzaliwa.

Anayezaliwa baada ya mapacha ana hali ya pekee. Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija, awe wa kike au wa kiume. Kwa Waganda, mapacha wa kike ni Babirye na Nakato, na anayewafuata ni Kizza. Kwa Wajaluo, mapacha wa kike ni Apiyo na Adongo, na binti anayewafuata ni Akello. Hapo jina ni cheo, nalo lina maana pale tu ndugu wanapokumbukwa. Wazazi wa mjini waliowaita wakubwa Kulwa na Doto kisha wakampa mdogo jina la kisasa huona babu na bibi wakimwita Shija vivyo hivyo. Ni afadhali Shija liandikwe kwenye cheti kama jina la pili kuliko kubaki jina la uani.

Burundi jambo linasimama kwa namna nyingine, kwa kuwa kimapokeo kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, wala hakuna jina la ukoo linalorithiwa na wote. Ndugu wanaweza kukaa dawati moja na asitambuliwe hata mmoja kuwa ndugu wa mwenzake kwa kusoma daftari. Udugu huonekana katika maana na katika hesabu: mapacha ni Bukuru na Butoyi, wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani, wa tisa ni Nyabenda, wa kumi ni Bucumi.

Hesabu hiyo ipo pia katika majina ya Kiswahili, Mosi, Pili na Tatu, na Pili na Tatu ni majina ya mabinti yenye heshima ya zamani. Yana sharti moja, kwamba yanamtaja aliyetangulia. Binti aitwaye Tatu katika nyumba yenye watoto wawili anaeleza kwamba yupo mmoja aliyezaliwa na hakubaki. Familia nyingine hutaka hivyo hasa, ili marehemu ahesabiwe daima miongoni mwa ndugu, na hilo ni jambo la upendo. Kumpa mtoto mpya jina lenyewe la mtoto aliyefariki ni jambo zito zaidi. Mahali ambapo desturi haidai hivyo, ni vyema aliyetangulia aachiwe jina lake na binti apate lake, asije akakua akijipima na mtu ambaye hakumwona.

Pwani, tangu Lamu hadi Kilwa na visiwani, sehemu kubwa ya majina ni ya Kiislamu, na humo mna utajiri wa kuendana ambao wazazi wengi hawautumii. Njia ya kwanza ni ya historia. Mtume Muhammad alikuwa na mabinti wanne: Zainabu, Rukia, Ummu Kulthumu na Fatuma. Nyumba yenye Zainabu na Fatuma ikipata binti wa tatu, Rukia au Kulthumu yanaingia bila kusukumwa. Ni dada wa kweli katika historia, na hakuna mawili kati yao yanayofanana kwa mlio. Aisha na Asma walikuwa mabinti wa Abubakari, kwa hiyo mwenye Asha mkubwa anaweza kumpata Asma mdogo. Anayependa majina ya wake wa Mtume ana Hadija, Hafsa, Safia, Sauda na Maimuna.

Njia ya pili ni ya mzizi. Maneno ya Kiarabu hujengwa juu ya konsonanti chache, kwa kawaida tatu, na majina mengi yanayoonekana mbalimbali yana shina moja. Ahmadi, Mahmudi na Hamidi yote yanatoka katika kusifu. Dada yao akiwa Hamida, ukaribu wake na kaka mmoja utazidi, na mwito utaleta utata. Salimu akiwa na dada aitwaye Salama, shina ni moja na tofauti inasikika kidogo tu. Kwa hiyo njia ya mzizi inapendeza zaidi pale maumbo yanapoachana. Kaka akiwa Rahimu, dada akiwa Rehema, undugu upo na silabi hazifuatani. Kaka akiwa Latifu na dada Latifa, undugu umegeuka kuwa nakala, na binti ataishi akidhaniwa kuwa amepewa mabaki ya jina la kaka yake. Majina ya jozi namna hiyo, Rashidi na Rashida, Jamili na Jamila, yanafaa yagawiwe watoto wa nyumba mbili, mfano binamu, kuliko watoto wa nyumba moja.

Njia ya tatu, na pengine iliyo nzuri kupita zote, ni kufuata jambo moja linalotajwa kwa maneno tofauti. Kaka wakiwa Badru, mwezi uliokamilika, na Hilali, mwezi mwandamo, dada yao anaweza kuwa Najma, nyota, Shamsa, jua, Zuhura, sayari ing'aayo jioni na alfajiri, au Thuraya, kundi la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia na kulihusisha na msimu wa kulima. Masikio hayasikii kufanana hata kidogo. Mwenye kujua maana atatabasamu, na asiyejua atasikia majina matatu mazuri. Ndivyo pia kwa mwanga: Siraji kaka, Nuru au Munira dada.

Mwana- ni kiambishi cha heshima cha pwani na kinastahili neno lake. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alikuwa na jina la aina hiyo, na binti mwenyewe aliitwa Mwana Hashima. Mama na mwana walishiriki heshima moja na kila mmoja akawa na jina lake. Hali ni ngumu kidogo majina hayo yanapokuwa matatu au manne katika nyumba: Mwanaisha, Mwanahawa, Mwanaasha. Wote hukatwa kuwa Mwana, na mama akiita “Mwana!” wanainuka wote. Mahali penye Mwana- wawili tayari, wa tatu afadhali aitwe jina la namna nyingine, au nyumba ijizoeze mapema kuita sehemu ya mwisho, yaani Isha, Hawa na kadhalika.

Nyumba za Kikristo zina akiba yao katika Biblia, na humo ndugu wengi wametajwa pamoja. Martha, Mariamu na Lazaro wa Bethania ni ndugu watatu waliokaa nyumba moja. Mabinti wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao wakapewa. Milka na Tirsa yanatamkika vizuri kwa Kiswahili na yana habari ya kujivunia. Kitabu cha Ayubu kinataja mabinti watatu aliopata mwishoni, Yemima, Kezia na Keren-hapuki, na majina ya kaka zao hayakutajwa. Lea na Raheli nao ni dada, lakini ni dada walioshindania mume mmoja. Mwenye Lea nyumbani na afikiri kwanza kabla ya kumwita mdogo Raheli, maana kila atakayesikia majina hayo mawili ataikumbuka habari ile. Akitaka kubaki katika ukoo huo huo, yuko Dina, binti wa Lea, au Rebeka, mama mkwe wao.

Majina ya Kiswahili yenye maana ya wazi, Neema, Upendo, Tumaini, Furaha, Faraja, Imani, Amani, Subira, hutumiwa na Wakristo na Waislamu pia, Bara na Pwani, hadi mashariki ya Kongo. Yanapendana yenyewe kwa yenyewe, na ndiyo maana yanapangwa kwa haraka bila kufikiriwa. Amani na Imani ni mfano mkubwa. Maana zinafaana vizuri mno, lakini majina yanatofautiana kwa irabu ya kwanza tu, nayo ndiyo inayopotea simu inapokwaruza. Muuguzi ataandika moja akisikia jingine. Kosa jingine ni kumpa dada na kaka majina ambayo yote hayaonyeshi jinsia. Baraka, Amani na Tumaini wanaweza kuwa wavulana watatu au wasichana watatu. Binti aliyezaliwa baada ya kaka wawili wa namna hiyo atafaidika na Neema, Rehema, Pendo au Subira, ambayo karatasini yanasomeka kuwa ya mwanamke. Majina yenye maana moja nayo hayana sababu ya kuwekwa pamoja: Zawadi, Tunu na Hidaya wote wametoka kwa mawazo yale yale, na wa tatu kati yao hubaki kama mwangwi.

Uzito wa maana ndio unaohitaji haki kuliko mambo yote. Katika Kiswahili yapo majina yaliyotoka katika machungu ya wakati wa kuzaliwa: Shida, Tabu, Mashaka, Sikujua, Siwema. Yalikuwa na kazi yake. Mengine yalikuwa ushuhuda wa mama, na mengine yalitolewa ili kumkinga mtoto. Mtoto mmoja akiwa na jina la namna hiyo peke yake hubeba historia ya familia kwa heshima. Dada yake akiwa Furaha, jambo hubadilika, kwa kuwa watu wataweka majina mawili mizani moja mbele ya watoto wenyewe. Wazazi waliomwita mkubwa Tabu kwa sababu ya mwaka mgumu, na sasa wamefunguliwa mlango, wanaweza kumwita mdogo Faraja au Subira. Majina hayo yanaikubali tabu na kuimaliza, wala hayamfanyi mkubwa aonekane kuwa ndiye aliyeileta.

Haki hiyo hiyo inahitajika pale binti anapozaliwa wa tano baada ya dada wanne, katika nyumba iliyokuwa ikisubiri mvulana. Jina linalosema kwamba wazazi wamechoka kusubiri, au umbo la kike la jina lililokuwa limeandaliwa kwa mvulana, litamweleza kila siku alivyopokewa. Dada zake wakiwa na majina ya dua na shukrani, naye apewe la dua na shukrani, lenye uzito kamili. Kadhalika kwa binti pekee aliyezaliwa baada ya kaka watatu: si lazima apewe Malkia au Binti, jina linalomtoa katika safu. Kaka wakiwa Yusufu, Haruni na Isihaka, Mariamu anatosha kabisa, na Haruni hasa ana dada wa jina hilo katika Taurati.

Jina la bibi linaleta jambo ambalo wazazi wapya hawalitarajii. Baba aliyempa binti jina la mama yake mzazi mara nyingi humwita “Mama” au “Mama mdogo”, na jamaa humsalimia kwa heshima ya utani kama mtu mzima. Katika makabila kadhaa mkwe hatamki jina la mama mkwe, kwa hiyo mama wa mtoto hawezi kumwita binti yake mwenyewe kwa jina lake na hutafuta la pembeni. Wakubwa wasio na jina la mzee wa ukoo huiona tofauti hiyo upesi. Ikiwa mdogo ndiye wa kwanza kupewa jina la bibi, wakubwa waelezwe mapema sababu ya majina yao, na kama mmoja hana sababu ya ukoo, aongezewe jina la somo wake miongoni mwa mababu na mabibi. Nyongeza hiyo haihitaji cheti, inahitaji kutumiwa.

Baada ya asili na uzito inabaki sauti, ambako kuna kanuni mbili zinazovutana. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Re-HE-ma, Ha-LI-ma, Zu-HU-ra. Mtu anapoitwa kutoka uani au ng'ambo ya uwanja, kinachofika ni silabi ile yenye mkazo na irabu ya mwisho. Mwanzo wa jina hufifia. Basi sikio hushika mkia. Halima, Salima na Karima ni jina moja kwa anayeitwa kutoka mbali. Amina na Sabrina hukaribiana. Rehema na Rukia hayagongani ingawa yanaanza na herufi moja. Karatasi hushika kichwa. Kwenye fomu, tiketi na kadi za kliniki, jina la kwanza mara nyingi hufupishwa kuwa herufi moja, na Tanzania, ambako mtoto hufuatisha jina la baba na la babu, ndugu wote wanashiriki majina mawili ya nyuma. Asha Juma Hamisi na Amina Juma Hamisi wote huwa A. J. Hamisi. Waliokaribiana umri, hasa mapacha, hupata taabu ya majalada kuchanganywa hospitalini na kwenye bima. Kwa hiyo jina linalofaa zaidi ni lile linalotofautiana na ya wakubwa kichwani na mkiani pia. Zuhura, dada wa Asha na Rehema, hugongana na mmoja wao popote pale? Hapana, herufi ya mwanzo na silabi yenye mkazo ni zake.

Hapo ndipo mtindo wa kuwapa watoto wote majina ya herufi moja unapodhoofika. Jackson, Jesca na Joyce wanapendeza kwenye picha ya familia, lakini mtoto wa nne humlazimisha mzazi kutafuta J badala ya kutafuta jina, na uzito hushuka kadiri herufi inavyokwisha. Mpango wowote wa majina unafaa uwe mpana kiasi cha kumpokea mtoto mmoja zaidi ya wanaotarajiwa.

Majina ya kukatia nayo yahesabiwe. Hadija huwa Dija, Mariamu huwa Mamu, Elizabeti huwa Liza au Beti, Magreti na Magdalena wote huwa Magi. Dada wawili wenye majina marefu tofauti wanaweza kuishia kuwa na jina moja la nyumbani. Urefu pia uchanganywe: Asha, Zuhura na Mwanahamisi huitwa kwa raha kwa sababu hayalingani kwa silabi. Tena ni vyema kuangalia nje ya mlango, hasa palipo na binamu wengi. Kwenye ua wenye Fatuma Mkubwa na Fatuma Mdogo, Fatuma wa tatu atapewa jina la utani asilolichagua.

Mama huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza. Mama Baraka atabaki Mama Baraka hata akizaa mabinti watano, na mitaa yote itamjua kwa jina la mvulana yule. Binti mdogo hana sehemu katika mwito huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kumpa jina linalosimama bila kuegemea, ambalo akikutana na mtu asiyewajua ndugu zake bado litakuwa kamili.

Jina lililobaki baada ya kupimwa hivyo linafaa liitwe kwa sauti kwa siku kadhaa pamoja na ya ndugu zake, kwa mpangilio wote, na mwanzoni aliite mtu mwingine asiye mzazi. Wakubwa waliofikia umri wa kusema washirikishwe kwa mipaka: wapewe mawili au matatu ambayo wazazi wameyakubali, wachague kati ya hayo, maana mtoto wa miaka mitano akiachiwa huru ataleta jina la rafiki yake wa darasani. Waislamu wengi humtaja mtoto siku ya saba, siku ya akika, na Wakristo wengi husubiri ubatizo. Muda huo unatosha kujaribu. Familia zilizo Muscat, London au Toronto zijaribu pia mdomo wa majirani wa huko, lakini kwa kipimo kile kile kilichotumiwa kwa wakubwa: kama kaka zake ni Khamis na Mbarouk, hakuna sababu binti aitwe Lily ili walimu wapate nafuu.

Mwisho ni maandishi. Familia iliyoandika Khadija na Zainab kwa wakubwa iandike Fatma kwa mdogo, na iliyoandika Hadija na Zainabu iandike Fatuma. Majina ya baba na babu yaandikwe kwa herufi zile zile zilizo kwenye vyeti vya ndugu zake, hata kama karani ana mazoea mengine, kwa sababu Hamisi kwa mmoja na Khamis kwa mwingine huwagawa ndugu wa baba mmoja mbele ya mirathi na pasipoti, na kurekebisha baadaye kunadai kiapo, ada na safari za ofisini. Anayekwenda kusajili, iwe RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, ofisi za Zanzibar au za usajili wa vizazi Kenya, achukue nakala ya cheti cha mkubwa aiweke mezani, na asome rasimu ya cheti kipya herufi kwa herufi kabla hakijapigwa muhuri.